Ule Mkono Kwenye Video ya Kilombero Sio wa Mchepuko

Wiki mbili za mwisho za Novemba mjini hapakukalika. Dada mmoja wa Dar, yule wa vipodozi, mwenye wafuasi wa kujaza Uwanja wa Mkapa mara kadhaa na wengine wakabaki nje, alitupia video ya sekunde 38 akiwa ndani ya mtumbwi. Hana wigi, hana kope za bandia, kafunga kilemba cha kitenge kama mama ntilie. Maji ya kahawia, matete, jua la asubuhi. Halafu sekunde ya 11 mkono wa kiume unaingia kutoka kushoto, umeshika darubini, unampa. Basi. Hapo ndipo ubuyu ulipomwagika.

Watu wakakata picha, wakaikuza, wakachora duara jekundu. Mkono una kamba nyeusi kwenye kifundo, ukucha wa gumba umepasuka, ngozi imeiva kwa jua. Wa kwanza wakasema ni yule mchezaji mpira aliyeachana na mama watoto wake mwezi wa nane. Wengine wakakataa, ni prodyuza fulani wa Sinza, eti ile kamba waliwahi kuiona studio. Ukurasa mmoja wa umbea ukauweka mkono huo pembeni ya mikono ya mastaa watatu, kama polisi wanavyopanga watuhumiwa. Komenti zikapita elfu moja. Katika zote hizo, waliouliza yule ndege wa njano wa sekunde ya 14 ni ndege gani walikuwa wanne, na mmoja wao akajibiwa, "Wewe nenda kamalize homework."

Siku ya tano dada mwenyewe akachoka, akaweka klipu nzima. Mkono ni wa kijana mwendesha mtumbwi wa pale mto Kilombero, chini kidogo ya daraja, ukitoka Ifakara kwenda Ulanga. Anaongea taratibu kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa: "Dada, usisimame, mtumbwi utacheza. Mwangalie yule dume, mwenye uso mweusi. Kabeba jani, anashona."

Dada anauliza, "Kaka, si ndo hawa hawa wanaojaza viota kwenye minazi kule kwetu?"

"Hapana, dada. Wa kwenu yuko pwani yote. Huyu ukimkosa hapa bondeni, hakuna pengine."

Na ubuyu ukafia pale pale. Mkono ukishakuwa wa mtu asiye na akaunti ya bluu, hauna tena utamu. Ukurasa wa umbea ukafuta posti, watu wakahamia kwenye harusi ya mtu mwingine. Yaani umati mzima uliondoka sekunde ileile stori ilipoanza kunoga.

Maana yule kijana hakupiga chumvi hata kidogo. Ndege aliyekuwa anamwonyesha ni kwera wa Kilombero. Dunia nzima anaishi kwenye bonde hili tu. Brazili hakuna, Afrika Kusini hakuna, Serengeti kwenye fahari zake zote hayupo. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1990, maana yake kuna mastaa wa Bongo wanaojiita vijana ambao wamezaliwa kabla ya huyu ndege kupewa jina. Dume ni njano kali na barakoa nyeusi inayochongoka kuelekea kifuani. Jike ana rangi ya nyasi kavu, na bila mtu wa kukuonyesha utampita hivi hivi. Kiota chao wanakishona kwenye matete, juu ya maji, na ndiyo sababu unahitaji mtumbwi na mtu anayejua kuutuliza.

Na kwera hayuko peke yake. Kwenye nyasi za bonde hilohilo wamo ndege wengine wawili wadogo, wa kundi la sistikola, wa rangi ya udongo, wapenda kujificha na wapiga kelele. Wataalamu walishajua tangu miaka ya 1980 kwamba wapo, lakini majina rasmi ya kisayansi walipewa 2021. Elfu mbili na ishirini na moja! Mwaka huo nchi nzima ilikuwa tayari inacheza amapiano. Mmoja wao amepewa jina kwa heshima ya Neil na Liz Baker, wale wanandoa walioandika ndege wa Tanzania kwa miaka mingi, na ambao ndio waliomwandika kwera kwa mara ya kwanza. Ukitaka stori ya mapenzi ya kweli ya bonde la Kilombero, hiyo hapo. Haina mchepuko.

Sasa kuna swali ambalo watu walilirusha kama utani, lakini lina maana: kwa nini Novemba? Kwa nini dada wa mjini akimbilie Ifakara wakati joto linakausha koo na vumbi bado halijalala? Walioshiba umbea walisema kaenda kujificha baada ya kuachika. Inawezekana. Ila mtu anayefuatilia ndege angeenda Novemba hata kama ndoa yake iko salama. Mto bado umeshuka, mchanga umejitokeza katikati, korongo na yangeyange wamebanana kwenye mabwawa yaliyobaki, kwa hiyo huhitaji kuwatafuta sana. Na ndio wakati wageni wanashuka. Ulaya majani yanapukutika, baridi inaanza kuuma, mbayuwayu wanafunga safari, na keremkerem wa huko nao wanapita juu kwa makundi wakipiga miluzi. Hawaombi viza, hawana begi, wanakuja Afrika kula wadudu wa mvua za vuli. Mbayuwayu aliyekuwa kwenye zizi la ng'ombe Uingereza mwezi wa nane anaweza kuwa juu ya waya wa TANESCO Ifakara mwezi wa kumi na moja, na hakuna anayempiga picha.

Kabla ya dada huyu kulikuwa na kaka mmoja wa Bongo Fleva, jina liachwe, mashabiki wake wana hasira za karibu. Yeye alifika na timu ya watu wanane, spika na droni. Alitaka picha ya juu ya viota kwa ajili ya video ya wimbo, basi droni ikashuka mpaka matete yakawa yanalala kwa upepo wa mapanga yake. Kundi zima la ndege likaruka na kubaki angani likizunguka. Kwenye video inaonekana nzuri, tusidanganyane, kama mtu kamwaga maua ya njano hewani. Watu wakaandika "nature" na vimoto vitatu. Kitu ambacho hakikuonekana ni kwamba mzazi akiruka, yai au kinda linabaki kwenye jua la saa tano bila kivuli, na mwewe hahitaji mwaliko wa pili. Na hilo ni mbali na sheria, maana droni Tanzania hairushwi bila kibali, hata uwe na wimbo namba moja.

Kaka huyu akiulizwa leo atasema hakujua, na labda ni kweli. Lakini kwenye ile timu ya watu wanane palikuwa na mtu wa kushika mwavuli. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumuuliza mwendesha mtumbwi, "Hapa panaruhusiwa?" Mwendesha mtumbwi alikuwa amekaa palepale nyuma yao, na alilipwa elfu kumi.

Hii ya malipo ndiyo ya kukaliwa kikao. Dada wa vipodozi, pamoja na sifa zote anazostahili, alimlipa yule kijana elfu ishirini kwa asubuhi nzima, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tano. Hizi habari zimesemwa na kijana mwenyewe kwenye klipu ya TikTok aliyorekodiwa na binamu yake, na wala hakuwa analalamika, alikuwa anashukuru. Video hiyohiyo kwenye ukurasa wa dada ilikuwa na tangazo la kinywaji, chupa imekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, nembo imegeuziwa kamera vizuri kabisa. Kila anayejua bei za mjini anajua posti ya namna hiyo kwa mtu wa ukubwa ule sio pesa ya soda. Chupa ilitagiwa. Hoteli ilitagiwa. Mbunifu wa kile kilemba alitagiwa, kilemba chenyewe ni kitenge cha kukunja mara mbili. Mtu aliyejua ndege yuko wapi, aliyejua dume na jike, aliyenyamaza kwa wakati unaotakiwa, huyo alibaki mkono.

Kuna waliosema, na hoja yao sio ya kijinga, kwamba ndege ni mambo ya wazungu na watu wenye nafasi. Mmoja aliandika kutoka Ifakara yenyewe: mwaka 2024 maji yaliingia majumbani, watu walibeba magodoro kichwani, leo mnatuletea habari za kwera. Huyo anastahili jibu la heshima. Jibu ni kwamba tambarare ile ya matete na mabwawa ndiyo inayopokea maji yanayoporomoka kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge, ikayashika, ikayaachia taratibu. Ukiilima yote na kuikausha, maji hayatapotea, yatatafuta pengine pa kukaa, na pengine penyewe ni sebuleni kwa watu. Halafu Kilombero ndio unaouletea Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Bwawa la Julius Nyerere, zile megawati 2,115, linategemea mto huu kwa kiasi hicho. Simu iliyotumika kukuza ule mkono huenda ilichajiwa kwa maji yaliyopita chini ya mtumbwi uleule.

Serikali yenyewe inajua thamani yake. Mwaka 2002 bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima, karibu hekta laki nane. Mwaka 2012 ikapita operesheni ya kuondoa mifugo, ikaacha vidonda ambavyo watu wa huko hawajasahau. Baadaye sehemu kubwa ikawa pori la akiba, na wapo wakulima walioambiwa mashamba yao yako upande usio wao. Sheshe, yule swala wa tambarare ambaye zamani Kilombero ilikuwa na wengi kuliko sehemu yoyote, wamepungua sana. Vyote hivyo vimetokea bila mtandao kujua.

Lakini pia isiwe rahisi kumnyooshea kidole mkulima, na hapa ndipo watu wa mjini wanapopenda kujitoa kwenye picha. Nani anakula ule mpunga? Dar inakula. Mama anayeuza wali Buguruni akitaka kusifia anasema huu wa Ifakara, na bei inapanda na mteja hapingi. Kila sahani ya pilau iliyopostiwa Idi na Krismasi na ule unukiaji wake ina kipande cha bonde ndani. Matete yanafyekwa kwa sababu mchele una soko, na soko ni sisi wenye komenti za uchungu kuhusu mazingira huku tumeshika kijiko.

Na kwa mkulima, ndege mdogo anayekula mbegu sio kivutio, ni mwizi. Mpunga ukianza kukomaa, watoto na akina mama wanashinda juu ya dungu wakiamia ndege, debe mkononi, kombeo pembeni, kutoka alfajiri mpaka jua lizame. Koo inakauka. Kuna watoto wanakosa shule kwa kazi hiyo. Adui mkubwa ni kwelea kwelea, anayeshuka kwa maelfu, lakini mtu aliyekaa juani saa kumi hana muda wa kupambanua kwelea na kwera, jina lenyewe linakaribiana. Sasa mtu kama huyo umwambie ndege ni mali, wakati hajawahi kuona hata shilingi moja ya ndege ikiingia kijijini, atakucheka. Na atakuwa na haki.

Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga, mambo yaliharibika zaidi ya kucheka. Watu walitumia sumu ya kuulia wadudu kutega korongo na ndege wengine wa majini, wakawauza kama kitoweo. Ndege aliyeliwa na sumu, aliyemla akala sumu. Kilombero haipaswi kufika huko, na kinachoweza kuizuia isifike ni mtu wa mtoni kuwa na sababu ya mfukoni ya kutaka yule kwera arudi mwakani.

Ndio maana elfu ishirini ile ina uzito kuliko umbea wote. Darubini ile aliyoshika kijana, mnajua ni ya nani? Aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuja kuangalia kwera miaka ya nyuma. Lenzi moja ina ukungu. Kwenye klipu ya binamu anasema anaitumia jicho moja. Amejifunza majina kwa kitabu alichopigia picha kurasa kwa simu, na kwa ile programu ya Merlin inayotambua ndege, ambayo ni ya bure lakini bando sio bure. Mtu huyo ni mtaalamu. Angekuwa mpiga picha wa harusi Mikocheni angekuwa na bei yake na advansi nusu kabla hajatoka nyumbani.

Wapo watakaosema basi mastaa wasiende kabisa, wataharibu. Huo nao ni uvivu. Wazungu wanakwenda miaka yote, wanasimama pale kwenye daraja na lenzi ndefu kama bomba la maji, na hakuna aliyewahi kusema wasije. Dada wa vipodozi alikaa kwenye mtumbwi kimya kwa sekunde 38, hakupiga muziki, hakurusha kitu, alifuata alichoambiwa. Kwa viwango vya mjini huyo ni malaika. Alichokosea kinarekebishika kwa kidole gumba: kumtaja mtu, kwa ridhaa yake, na kumlipa kama anavyomlipa anayemtengeneza nyusi. Mahali penyewe pa viota pasiwekwe alama ya ramani, hilo ndilo moja la kuficha. Andika Ifakara, andika mto Kilombero, inatosha. Atakayetaka zaidi amtafute mwenye mtumbwi, naye apate chake.

Kufika sio ngumu kama mnavyodhani. SGR mpaka Morogoro, halafu basi kupitia Mikumi, Kidatu na Mang'ula, ukuta wa Udzungwa uko kulia kwako njia nzima. TAZARA nayo inasimama Ifakara, kwa mwenye roho ya subira. Daraja la Magufuli, mita 384, lilifunguliwa 2018. Kabla ya hapo watu walivuka kwa pantoni, na wa Ulanga hawajasahau Januari 2016 pantoni lilipozama. Leo unaweza kutembea kwa mguu mpaka ukingoni na kuangalia chini kwenye matete bila hata kulowa. Ukitaka kuingia ndani ya pori la akiba, hapo ni vibali vya TAWA, sio kujuana.

Dada amerudi Dar, kaweka wigi, maisha yanaendelea. Wiki iliyopita alimtaja kijana kwenye stori, saa 24 zikaisha ikapotea, lakini namba ilishasambaa. Binamu anasema simu haitulii tangu hapo. Waliopiga kuuliza mtumbwi wa mwezi wa kumi na mbili mpaka sasa ni wawili, mmoja ni mwalimu wa Kibaha anataka kuleta wanafunzi kumi na nne na anauliza kama kuna makoti ya kuokolea. Hayapo, kijana kasema atatafuta. Wengine wote waliobaki wanauliza ameoa au bado.